Maswali ya Wafugaji: Mbona Ng'ombe Hashiki Mimba?

SWALI: Shikamoo daktari. Ng'ombe wangu wa maziwa amehimilishwa (kupandikizwa mbegu za dume kwa mrija) mara tatu na hajashika. Kila akitoa damu namwita mtaalamu siku hiyo hiyo, maana najua ameingia siku zake. Tatizo ni nini?
Msomaji, Tengeru

JIBU: Marahaba. Tatizo ni hiyo damu, kwa sababu ng'ombe hana hedhi. Mwanamke hutoka damu pale mimba isipotungwa na utando wa ndani ya mji wa mimba ukabomoka. Yai lake linalofuata bado halijatoka. Kwa ng'ombe ni kinyume. Joto (muda ambao ng'ombe yuko tayari kupandwa) likiisha, homoni ya estrojeni hushuka, mishipa midogo ya mji wa mimba ikavuja, na damu ikaonekana siku 1 hadi 3 baadaye. Yai limeshatoka, na huishi saa 6 hadi 12 tu. Mhimilishaji wako amekuwa akifika yai limeshakufa. Wala damu hiyo haisemi kama ameshika au hakushika.

Hata hivyo inakusaidia kuhesabu. Andika tarehe uliyoiona. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi (kati ya 18 na 24), kwa hiyo kuanzia siku ya 15 baada ya damu mwangalie alfajiri, mchana na usiku kabla ya kulala, nusu saa kila mara. Usiku usiupuuze, wengi hupata joto wakati huo. Dalili ya uhakika ni kusimama akapandwa na mwenzake bila kukimbia. Anayepanda wenzake huenda bado anakaribia tu. Kama unamfuga peke yake bandani hutaona hilo, basi tazama uke uliovimba na kuwa mwekundu, ute mwangavu unaoning'inia na kunata mkiani, kulia ovyo, na maziwa kupungua ghafla.

Ukimwona asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Joto hudumu saa 12 hadi 18, yai hutoka saa 10 hadi 14 baada ya joto kuisha, na mbegu zinahitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuweza kurutubisha.

Msimamie pia mhimilishaji, ni haki yako. Mrija wenye mbegu ukitoka kwenye naitrojeni ya kimiminika inayozigandisha (nyuzi 196 chini ya sifuri) uingie moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, ukae humo si chini ya sekunde 30, na utumike ndani ya dakika 15. Apime maji kwa kipimajoto. Kuuyeyusha kwapani au mfukoni ni kuharibu mbegu ulizolipia. Mbegu ziachwe mara tu baada ya kupita mlango wa kizazi.

Ukifuata haya na bado akarudia, angalia ute: ukiwa na usaha au harufu, kizazi kina maambukizi na kitibiwe kwanza. Ng'ombe aliyekonda mbavu zikahesabika naye hashiki kirahisi.

SWALI: Ng'ombe wangu amezaa mapacha, dume na jike. Jirani anasema jike hatazaa kamwe. Kweli?
Msomaji, Njombe

JIBU: Karibu kila mara ni kweli, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa tasa. Kondo za mapacha hao huungana mapema, damu ikachanganyika, na homoni za dume zikazuia viungo vya uzazi vya jike kukua. Mtaalamu anaweza kumpima akiwa mdogo kwa kuingiza ukeni kijiti laini chenye ncha ya duara: kwa ndama wa kawaida huzama sentimita 12 au zaidi, kwa tasa hugota kwenye 5 hadi 8. Akithibitika kuwa tasa, mnenepeshe kwa ajili ya kuuza nyama. Dume hana shida kubwa. Na msichana aliyezaliwa pacha na mvulana asitiliwe shaka, kwa binadamu damu za mapacha wa aina hiyo ni nadra mno kuchanganyika.