Barua kwa mwanangu: homa imekata, vidonge bado

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema sindano za gentamisini ulizochomwa kwa ajili ya brusela, ule ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, zimeisha, homa imekata, jasho la usiku limekwisha, kiuno hakikusumbui tena na umesharudi kwenye kazi yako ya mifugo huko Longido. Sasa unauliza vidonge 56 vya doksisaiklini vilivyobaki ni vya nini wakati unajisikia mzima, tena umesoma mtandaoni kwamba habari ya "maliza dozi" imepitwa na wakati.

Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nusu ya uliyoyasoma ni kweli.

Kwa miaka yote niliyofanya uuguzi tulimwambia kila mgonjwa amalize dozi ili asitengeneze usugu, yaani bakteria kuizoea dawa. Onyo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1945, Alexander Fleming alipotoa hotuba ya kupokea tuzo ya Nobel kwa kugundua penisilini, alisema anayemeza dawa pungufu huwafundisha bakteria kuihimili. Lakini yeye alikuwa akizungumzia kipimo kidogo cha dawa. Sisi tukalifanya onyo la idadi ya siku kwa kila ugonjwa. Leo inajulikana kwamba dawa ikikaa mwilini kuliko inavyohitajika, bakteria wengine wasiohusika na ugonjwa, wa tumboni na wa kwenye ngozi, nao hupata muda wa kuizoea. Ndiyo maana siku zimepunguzwa: nimonia nyingi zisizo kali ambazo zamani ziliandikiwa siku 7 au 10 sasa hutibiwa kwa siku 5, na kwa UTI ya kawaida ya mwanamke zipo dawa zinazotolewa kwa siku 3 tu. Kwa hiyo hao uliowasoma hawakutunga.

Walichokuachia nje ni kwamba siku hizo zilipunguzwa ugonjwa mmoja mmoja, baada ya wagonjwa wengi kufuatiliwa kuona nani kapona na nani karudi. Muda wa dawa unatokana na ugonjwa na tabia ya mdudu wake. Hautokani na jinsi mgonjwa alivyoamka leo asubuhi.

Na wewe huna nimonia wala UTI. Una brusela.

Kwa ng'ombe unaijua kuliko mimi. Ni wewe uliyenieleza jinsi inavyotupisha mimba, na nina hakika uliipata kwenye kondo la nyuma la yule mtamba uliyemsaidia kuzaa bila glavu, kama si kwenye maziwa mabichi mnayokaribishwa bomani. Kwa binadamu imejulikana tangu 1887, David Bruce alipowakuta bakteria hawa kwenye wengu za askari wa Uingereza waliofia Malta. Ni Bruce huyo huyo wa nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ambaye bila shaka mlimsoma chuoni. Ikapita karibu miaka 20, hadi 1905, ndipo daktari wa Malta, Themistocles Zammit, akaonyesha kwamba chanzo kilikuwa mbuzi wa maziwa.

Ubaya wa brusela ni mahali inapojificha. Bakteria wengine huelea kwenye damu au hukaa katikati ya seli, dawa ikawakuta hapo. Hawa huingia ndani ya seli nyeupe, zile zile zilizotumwa kuwameza, wakakaa humo wakizaana taratibu: kwenye wengu, kwenye ini, kwenye uboho wa mifupa. Ni kama mwizi aliyejificha kwenye kibanda cha mlinzi. Dawa nyingi hazifiki humo vizuri. Gentamisini yenyewe kazi yake kubwa ni nje ya seli, ndiyo maana umechomwa siku za mwanzo tu, kupunguza wingi wao. (Masikio yakianza kuvuma au ukiyumba unapotembea, sema mapema, hata kama sindano zimeisha.) Doksisaiklini inaingia ndani. Ila haiui papo hapo kama penisilini; inawazuia bakteria kutengeneza protini, hawazaani, na kinga ya mwili inamalizia kazi. Kazi ya namna hiyo inataka muda.

Sasa utaelewa kwa nini homa imekata na mimi bado nakusihi. Waliokuwa wakikupandisha joto ni wale waliomwagika kwenye damu. Waliobaki ndani wamenyamaza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wiki 6 za doksisaiklini pamoja na dawa ya pili tangu 1986, na tafiti zilizolinganisha tiba ya mwezi mmoja au chini yake na ya wiki 6 zilikuta ugonjwa ukirudi zaidi kwa waliotibiwa muda mfupi. Hurudi kimyakimya, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Safari hii unaweza kukaa kwenye pingili za mgongo, au kwenye vali za moyo, na ya moyo ndiyo inayoua. Nimemuuguza mfugaji aliyeacha vidonge wiki ya tatu kwa sababu alikuwa na nguvu za kupeleka ng'ombe mnadani. Aliporudi wodini miezi kadhaa baadaye alikuwa hawezi kuinama kuvaa viatu vyake. Alitibiwa upya, muda mrefu kuliko ule wa kwanza.

Kwa hiyo kwako wewe usugu si hofu yangu kubwa. Brusela hurudi zaidi kwa sababu ilibaki kuliko kwa sababu ilizoea dawa. Hofu yangu ni mgongo wako na moyo wako.

Tuje kwenye vidonge vyenyewe, maana kuna jambo umeligusa kwa mstari mmoja tu nami limeninyima raha: kwamba jana usiku ulimeza ukiwa kitandani, kwa mate, na leo kifua kinachoma katikati ukimeza chakula. Usifanye hivyo tena. Doksisaiklini ikiyeyuka ni tindikali, na ikikwama kwenye umio inachimba kidonda kwa usiku mmoja. Meza ukiwa umekaa wima au umesimama, kwa glasi nzima ya maji, na usilale mpaka saa moja ipite. Cha jioni kihamishie kwenye chakula cha usiku, cha asubuhi kibaki kwenye kifungua kinywa, vipishane takriban saa 12. Kikikupa kichefuchefu, kula kwanza ugali, viazi au wali. Chakula cha kawaida hakiiharibu sana dawa hii. Kama maumivu ya kumeza hayajapungua kwa siku mbili tatu, au unashindwa kumeza maji, rudi hospitali wakubadilishie namna ya kuitumia. Usiiache tu.

Maziwa ndiyo mtihani wako, najua, kwa mahali unapoishi. Kalsiamu ya kwenye maziwa huishika dawa tumboni, ikapita bila kufyonzwa. Kwa doksisaiklini upotevu si mkubwa kama ilivyokuwa kwa tetrasaiklini ya zamani, zile kapsuli za rangi mbili, lakini kwa ugonjwa huu sitaki upoteze hata kidogo. Kunywa chai ya rangi wakati wa dawa. Ya maziwa isubiri saa mbili au tatu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu, alumini au kalsiamu ni hivyo hivyo, na ukisikia kifua kinawaka utashawishika kuzitafuna pamoja na kidonge. Vibaya kuliko vyote ni vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma huinasa doksisaiklini hata mkipishanisha, kwa sababu dawa hii huzunguka kutoka ini kurudi utumbo, ikakutana nayo tena huko. Ulikuwa unavimeza mwaka jana. Kama bado unavyo, muulize daktari kama vinaweza kusubiri hadi wiki 6 ziishe.

Jua la Longido pia. Dawa hii huifanya ngozi iungue haraka, hata yetu nyeusi. Vaa kofia pana na mikono mirefu unapokwenda kuchanja mifugo.

Ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka; kama muda wa kinachofuata umekaribia, ruka, endelea na ratiba. Usimeze viwili kufidia. Muwasho na uchafu mweupe ukeni ukitokea ni fangasi wamepata nafasi, tiba yake ipo, usione haya kusema. Lakini ukipata vipele mwili mzima, uso au midomo kuvimba, kuhara maji mfululizo au kuhara damu, au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, siku hiyo hiyo nenda hospitali, na usinywe dawa ya kufunga kuhara kwa uamuzi wako.

Na jambo la mama kwa binti yake: ukichelewa siku zako, pima kabla ya kidonge kinachofuata. Doksisaiklini haitolewi kwa mjamzito pale ambapo kuna njia nyingine, kwa sababu huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni, na brusela yenyewe inaweza kuharibu mimba. Ukiwa mjamzito daktari atapanga tiba tofauti. Wewe usiendelee na vidonge kimyakimya, wala usiache tiba kimyakimya.

Najua pia bomani watakuomba. Mtu ana homa, amekuona umepona, atakuambia umgawie vitano tu. Usimpe. Homa yake huenda ni malaria, huenda ni homa ya matumbo, na vidonge vitano vya doksisaiklini vitaificha homa bila kuitibu, tena vitakupungukia wewe. Mtoto chini ya miaka 8 ndiyo kabisa, maana meno yake yanaweza kubaki na madoa maisha yake yote. Mpeleke zahanati akapimwe. Vile vile, ukimaliza dozi usikimbilie kurudia kipimo cha damu ili "uone kama imeisha". Kile cha kuangalia kingamwili hukaa chanya miezi mingi baada ya mtu kupona, na nimeona watu wakimezeshwa dozi ya pili na ya tatu kwa ajili ya karatasi ya maabara ilhali hawaumwi chochote. Cha kuangalia ni dalili: homa ya jioni, jasho, viungo, kiuno. Zikirudi, hapo ndipo urudi kwa daktari, na umwambie umeshatibiwa lini na kwa dawa gani.

Maziwa chemsha mpaka yafure, na mtindi utokane na maziwa yaliyochemshwa. Glavu nitakutumia boksi mbili kwa basi la Ijumaa. Za mikono mirefu uombe kazini kwenu, ni haki yako.

Nijibu leo mambo mawili kabla hujameza cha jioni: kama bado unatumia vidonge vya damu, na maumivu ya kifua yakoje. Na unitumie picha ya vidonge vilivyobaki, nione kama vimekauka vizuri na tarehe ya kuisha muda wake. Doksisaiklini iliyolowa au iliyopita muda usiimeze.

Mama yako