Kilomita ya 7 inapokubana: ukaze au usimame?

Mkuu, umesema 10K (mbio za kilomita 10) unaimaliza kwa dakika 55, ila kila ukifika kilomita ya 7 unahema vibaya, mapaja yanawaka na unaanza kutembea. Umeuliza kama dawa ni kukaza tu. Kukaza, ndiyo, ila si kila siku na si kwa kila maumivu.

Ratiba uliyoweka ni kilomita 8 mara nne kwa wiki, zote kwa 6:00, yaani dakika 6 kwa kila kilomita. Hapo ndipo penye tatizo. Kwako huo ni mwendo mzito mno kupumzisha mwili, na mwepesi mno kukuzoesha kubanwa. Unachoka wiki nzima, halafu siku ya mbio unakutana na hali ngeni. Siku mbili zishushe hadi 6:50 au 7:10, mwendo wa kupiga stori bila kukatika. Watu wa jogingi watakupita, waache wapite. Hata Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, huko juu kwenye mita kama 2,400, kundi la fatleki (kupokezana kasi na taratibu) ya Alhamisi huanza taratibu kabla ya kukimbizana.

Siku mbili zilizobaki ndizo za kubanwa, na zisifuatane.

Ya kwanza ni fatleki. Pasha dakika 15, kisha dakika 1 kasi na dakika 1 taratibu, mara 10. Baada ya wiki tatu nenda dakika 2 kasi kwa 1 taratibu. Wengi huharibu kwa kuchomoka kwenye ile ya kwanza kama wanafukuzwa na mbwa. Ya kumi inatakiwa ilingane na ya kwanza.

Ya pili ni tempo: dakika 20 mfululizo kwa 5:50, bila kusimama. Kama ni lazima uchague moja, chagua hii, maana ugumu wake haukurupuki, unapanda pole pole na unalazimika kukaa nao. Kwenye dakika ya 12 hivi utajiona: mabega yamepanda karibu na masikio, ngumi zimekazwa, macho yanarudi kwenye saa kila baada ya nguzo. Hapo shusha mikono, tikisa vidole, toa pumzi yote kwa nguvu mara tatu. Watu huhangaika kuvuta hewa wakati iliyomo hawajaitoa. Kisha hesabu hatua 100, halafu 100 nyingine. Mwendo ukishuka sekunde 5, acha ushuke, ila usitembee. Ukizoea kutembea ukibanwa, mwili utadai kutembea hapo hapo kila mara.

Ongeza dakika 2 kila wiki hadi ufike 30, na kila wiki ya nne rudi 15. Kwa joto la Dar mwezi wa pili sahau 5:50, fuata pumzi: uweze kutamka maneno matatu manne, basi.

Pia kagua kilomita zako mbili za kwanza siku ya mbio. Ukizipiga kwa 5:10 kwa sababu ya muziki na kelele za watu, kilomita ya 7 umeshaiuza. Anza kwa 5:35.

Sasa maumivu. Mapaja yote mawili kuwaka kwa pamoja, kuhema, mate kuwa mazito: hayo ni ya kuvumilia. Kichomi cha ubavuni nacho kinavumilika; punguza mwendo, bonyeza pale kwa vidole huku ukitoa pumzi ndefu, na siku nyingine kula saa mbili au tatu kabla. Lakini maumivu unayoweza kuyagusa kwa kidole kimoja, kwenye muundi, goti au juu ya kisigino, ya mguu mmoja tu, yanayokufanya uchechemee, hayo hayakazwi. Siku hiyo imeisha, panda bodaboda urudi nyumbani. Na kifua kikibana, ukipata kizunguzungu, au ukihisi baridi na vinyweleo vikasimama juani, simama hapo hapo, tafuta kivuli na maji, na mwambie mtu aliye karibu. Usimalizie hata mita 200. Kama ni kifua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.