Kibali cha bastola cha Texas ukivuka nacho mpaka wa jimbo: jibu kwa dereva wa Dallas

Mkuu, afadhali umeuliza kabla hujapakia mzigo. Umesema una kibali cha Texas cha kubeba bastola iliyofichwa, una grinikadi (kadi ya ukazi wa kudumu), umeanza masafa marefu, una mzigo wa Newark, New Jersey, na mwingine wa Chicago, na jamaa amekuambia kibali hicho ni sawa na leseni ya udereva, kwamba kikishatolewa jimbo moja kinatambulika Marekani nzima. Si kweli, na watu wameingia jela kwa kuamini hivyo. Mimi nakaa Ohio, naendesha trela miaka mingi na nina kibali, kwa hiyo haya ninayokueleza ni mambo ninayoishi nayo barabarani.

Leseni yetu ya malori makubwa inavuka mipaka kwa sababu Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1986 iliyoweka kiwango kimoja nchi nzima. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria nyingine kuhusu wenye silaha, lakini hiyo haikusema kibali cha jimbo moja kiheshimiwe na jingine. Iliruhusu kupita tu, silaha ikiwa imefungiwa. Kubeba mwilini kukabaki mikononi mwa kila jimbo. Ndiyo maana Ohio, Indiana na Tennessee wanatambua vibali vya majimbo yote, mengine yanachagua ya kutambua, na New York, New Jersey, California na Illinois hayatambui cha mgeni yeyote. Tena mambo hubadilika. Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia alitangaza kwamba jimbo lake litaacha kutambua vibali vya majimbo 25. Baada ya wiki chache wanasiasa wakakubaliana, na mwaka 2016 Virginia ikaanza kutambua vya wote. Ukifuata orodha uliyotumiwa WhatsApp mwaka juzi, unajitafutia balaa.

Sasa niseme jambo linaloniumiza kwa vijana wetu. Texas tangu Septemba 2021, na Ohio tangu Juni 2022, hulazimiki kuwa na kibali ili ubebe. Wengi wakaona kukitafuta ni kupoteza hela. Lakini kutoka Toledo, hapa kwetu Ohio, kuingia Michigan ni mwendo wa dakika chache, na Michigan inataka kibali. Kubeba bastola iliyofichwa bila kibali huko ni kosa kubwa la jinai, kifungo hadi miaka 5. Ile ruhusa ya Ohio inaishia mpakani, ila kile kibali cha plastiki mfukoni Michigan inakiheshimu, mradi kimetolewa na jimbo unaloishi. Kwa hiyo usikiache kikaisha muda.

Na Michigan ukisimamishwa lazima wewe ndiye uanze kusema. Mimi niliwahi kusimamishwa usiku karibu na Monroe, taa moja ya trela ilikuwa imezima. Niliwasha taa ya ndani, nikashusha kioo, mikono yote miwili juu ya usukani, na kabla askari hajaomba leseni nikamwambia nina kibali cha Ohio na bastola iko kiunoni upande wa kulia. Aliniambia nisiishike, akachukua karatasi zangu, akarudi na onyo la taa. Tulimalizana kwa heshima kwa sababu alisikia habari hiyo kutoka kwangu kwanza.

Turudi kwenye mzigo wako wa Newark. Najua utaambiwa, "funga bastola kwenye kisanduku, sheria ya 1986 itakulinda." Isome vizuri. Inakulinda ukitoka mahali unaporuhusiwa kumiliki na kubeba, kwenda mahali pengine unaporuhusiwa vilevile. Nikipeleka mzigo Maine, New York nitakuwa mpita njia: bastola haina risasi, iko kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli nilichokifunga kwa waya wa chuma chini ya kitanda, na risasi ziko kwenye sanduku jingine lenye kufuli. Droo ya dashibodi hata ukiifunga haihesabiki, na sisi hatuna buti kama gari dogo, kwa hiyo kisanduku ni lazima. Lakini wewe unashusha mzigo Newark kwenyewe, na huko huruhusiwi kubeba. Hapo huwezi kudai kwamba ulikuwa unapita.

Hata mpita njia wa kweli anaweza kunaswa. Mwaka 2005 abiria mmoja wa Utah alikosa ndege yake ya kuunganisha pale Newark, akachukua begi lake lililokuwa na bastola, akalala hotelini. Asubuhi alipolirudisha uwanjani na kutangaza silaha kama inavyotakiwa, akakamatwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema usiku ule hotelini begi lilikuwa karibu naye, kwa hiyo sheria ya 1986 haikumlinda. Sisi tunaolala ndani ya malori tuitafakari sana kesi hiyo.

Yupo pia mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali cha Pennsylvania, aliyesimamishwa New Jersey mwaka 2013. Alimwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola, akakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu. Hakuwa amemtishia mtu. Ilibidi kelele zipigwe nchi nzima, na Aprili 2015 gavana Chris Christie akampa msamaha.

Wewe mwenye grinikadi usijifananishe na mama huyo. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini, hata kama ni mkazi wa kudumu. Ukikiri kosa ili upewe mpango wa uangalizi usiende jela, uhamiaji wanaweza kuhesabu hiyo ni hatia, hata kama mahakama ya jimbo imefuta kesi. Msamaha wa gavana nao haufuti sababu hiyo ya kuondolewa. Wakili wa jinai asiyejua uhamiaji anaweza kukupatia makubaliano yanayopendeza, kumbe ndiyo yanayokutenganisha na watoto wako. Ukikamatwa, dai wakili anayejua yote mawili kabla hujasaini chochote.

Kuhusu Chicago, kuna nafuu kidogo. Illinois haitambui kibali chako, ila mgeni mwenye kibali cha jimbo lake anaruhusiwa kuwa na bastola ndani ya gari. Nikisimama Effingham kuweka mafuta, inabaki ndani, kwenye kisanduku, milango imefungwa. Usishuke nayo hata kwenda chooni. Na ukifika ghalani kumbuka mkataba wa kampuni yako: hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza dereva wa lori kuwa na silaha, lakini kampuni nyingi zinakataza, na kazi inaweza kuisha siku hiyohiyo.

Utasikia pia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilishamaliza suala hili mwaka 2022. Iliizuia New York kudai sababu maalumu kabla ya kumpa mtu kibali. Haikuilazimisha kuheshimu cha Texas. Muswada wa kutambuana nchi nzima ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 ukaishia Seneti, na mwaka 2025 uliwasilishwa tena. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote, maana mtu aliyekaguliwa na jimbo lake hastahili kugeuzwa mhalifu kwa kuvuka daraja. Ila askari atakayekusimamisha anafuata sheria iliyopo leo.

Mzigo wa Newark, acha bastola Dallas. Wa Chicago, nenda na kibali na kisanduku, na usiku kabla ya kuondoka fungua tovuti ya polisi au ya mwanasheria mkuu wa kila jimbo utakalopita. Ukishajua njia, iandike hapa, nitakuambia ninakofungia.