Tortila za ngano kujirudi na kukauka
Dada, umeuliza kwa nini tortila zako, zile chapati nyembamba za Meksiko, zinajirudi ukizisukuma, kisha zikipoa zinakakamaa. Unga haujapumzika, na nadhani unazichelewesha motoni.

Kule Sonora, kaskazini mwa Meksiko, hutumia mafuta ya nguruwe. Mafuta yoyote ya mgando yanafaa. Vikombe 3 vya unga, theluthi ya kikombe cha mafuta, chumvi. Yafikiche kwa vidole mpaka unga uwe chengachenga, ndipo utie maji ya uvuguvugu. Kanda, kata madonge, funika nusu saa. Usiruke hapo, tafadhali!

Sukuma nyembamba kuliko chapati. Kikaango kikavu, chenye moto mkali; ikitoa malengelenge geuza, sekunde 30 zinatosha. Ifunike kwa kitambaa papo hapo, mvuke wake ndio unaoilainisha.