Joto linapita nyuzi 100 kwenye modeli ya moyo

Ndugu yangu wa Lubumbashi, nimekuelewa: kwenye modeli yako ya kompyuta ya kuchoma msuli wa moyo kwa umeme, umezamisha ncha ya kateta (mrija mwembamba wenye elektrodi, kipande cha chuma kinachotoa umeme) milimita 1 ndani ya msuli, na joto linapita nyuzi 100. Usikimbilie kupunguza volti. Angalia mguso kwanza. Ncha haiingii msulini kama kisu kwenye bukari (ugali). Msuli unabonyea, na umbo la ule ubonyeo ndilo linaloamua sehemu gani ya elektrodi inagusa msuli na ipi inabaki kwenye damu, ambayo hupitisha umeme vizuri zaidi. Anza na nguvu ya kukandamiza ncha ya gramu 10 hadi 40, pata ubonyeo, ndipo uwashe umeme. Mpaka wa kidonda, yaani sehemu ya msuli iliyoungua, uchore kwenye nyuzi 50. Kufika 100 ni hatari ya kweli: maji ya msuli huchemka, mvuke ukapasua. Kabla ya kutafsiri matokeo kwa mgonjwa, yapeleke kwanza kwa daktari wa moyo ayaone.