Uliza Ujibiwe: "Fundi Kasema Kibali Hakihitajiki"

Barua nyingi za safari hii zinahusu ujenzi wa nyumbani. Majibu yetu yanafuata sheria za England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria zao, kwa hiyo mlio huko msichukue vipimo hivi mkavitumia.

Nyumba yetu iko Reading, imeungana na ya jirani kwa upande mmoja. Tunataka kutoa jiko nyuma mita 4. Fundi anasema kibali hakihitajiki, mume wangu anataka maandishi ya halmashauri kwanza. Nimsikilize nani? – Msomaji, Reading

Msikilize mumeo, dada. Fundi ana nusu ya ukweli. Nyumba nyingi zina kibali cha jumla kinachotolewa na sheria yenyewe, lakini kwa chumba cha nyuma cha ghorofa moja mita 4 ni za nyumba inayosimama peke yake. Iliyoungana na jirani mwisho wake ni mita 3. Kutoka hapo hadi mita 6 kuna njia ya kati: unapeleka maombi halmashauri, majirani wanaopakana nawe wanapewa siku zisizopungua 21 za kupinga, na halmashauri ina siku 42 za kukujibu. Wakikaa kimya, unajenga. Akipinga mmoja, halmashauri hupima jengo litamwathiri vipi jirani. Usichimbe hata shimo moja kabla ya muda huo kwisha, kwani njia hii haifunguki kwa kazi iliyokwisha anza.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mahali pa kuanzia kupima. Unapima kutoka ukuta wa nyuma wa asili, yaani nyumba ilivyojengwa, au ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948 ikiwa ni kongwe zaidi. Aliyewauzia akiwa aliongeza mita 2 za jiko, ndani ya zile 3 mmebakiwa na moja. Kimo cha juu kabisa ni mita 4, na ukuta ukiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka, usawa wa mfereji wa maji ya mvua usizidi mita 3. Ukizidisha sentimita 20, zisizo na kibali si hizo 20 tu. Ni jengo zima.

Fungua pia tovuti ya halmashauri usome kibali cha awali cha mtaa wenu. Mitaa mingi mipya ilijengwa kwa sharti linaloondoa kibali cha jumla. Na wanaoishi kwenye fleti hawana kabisa kibali hiki.

Mkishajiridhisha, ombeni hati ya kuthibitisha uhalali wa ujenzi. Ada yake ni nusu ya ombi la kawaida la nyumba, ambalo tangu Aprili 2025 lilikuwa pauni 528. Ada hizi hurekebishwa kila Aprili, angalieni ya sasa kwenye Planning Portal, tovuti ya kupelekea maombi ya ujenzi. Hati si lazima kisheria, lakini siku mtakapouza, wakili wa mnunuzi ataiulizia. Uzuri wake ni kwamba afisa haangalii kama jengo linapendeza. Anauliza tu kama vipimo vinaingia ndani ya sheria.

Hayo ni ya mipango miji. Ukaguzi wa ujenzi ni jambo jingine, na hauepukiki hata pale kibali kisipohitajika. Mkaguzi anatakiwa auone mtaro wa msingi ukiwa wazi. Mafundi wenye haraka humwaga zege Ijumaa jioni, halafu mkaguzi anaamuru ufukuliwe. Kwenye udongo wa mfinyanzi wenye miti karibu, kina cha mita moja huenda kisitoshe, na hilo ndilo linalopasua kuta miaka michache baadaye. Bomba la maji taka la umma likiwa ndani ya mita 3, kampuni ya maji nayo lazima iridhie.

Yuko pia jirani. Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996 inataka umpe taarifa ya maandishi: miezi 2 kabla ya kutoboa ukuta wa pamoja ili kuingiza boriti ya chuma, mwezi 1 kabla ya kuchimba ndani ya mita 3 kutoka jengo lake kwenda chini ya msingi wake. Asipojibu kwa siku 14 inahesabiwa kuwa mgogoro, wanaletwa wapima, na kwa kawaida anayelipa ni wewe. Bora upige hodi na barua mkononi.

Nina banda zuri la matofali bustanini, lina choo na bafu. Nikiweka jiko nikapangisha, kuna ubaya? Rafiki ananiambia baada ya miaka 4 hawawezi kunigusa. – Msomaji, Leicester

Ubaya upo, kaka. Banda linaruhusiwa kama sehemu ya matumizi ya nyumba yako: stoo, ofisi, chumba cha mazoezi. Akiingia mpangaji mwenye jiko na mlango wake, hayo ni makazi mapya yanayohitaji kibali, na kwa bustani ya nyuma hakitolewi kirahisi. Ile miaka 4 ilifutwa England tarehe 25 Aprili 2024. Sasa ni 10, isipokuwa kwa matumizi yaliyokuwa yameshaanza kabla ya siku hiyo. Anayeficha kwa makusudi hana hata kinga hiyo. Ukipuuza amri ya kusitisha utafikishwa mahakamani, na mahakama zimewahi kuwanyang'anya wenye nyumba kodi yote waliyokusanya.

Kampuni inataka kujenga nyumba 60 nyuma ya mtaa wetu. Kwenye kundi la WhatsApp tumeandaa barua moja, wote tusaini. Itasaidia? – Msomaji, Milton Keynes

Kidogo sana. Barua 80 zenye maneno yaleyale huhesabiwa kama hoja moja. Kushuka kwa bei ya nyumba zenu na kupoteza mandhari si hoja za kisheria. Andikeni kuhusu msongamano kwenye makutano mnayoyataja kwa jina, mafuriko, madirisha yanayochungulia vyumbani, nafasi za shule.

Mjue pia upepo unavuma wapi: serikali iliyoingia Julai 2024 iliahidi nyumba milioni 1.5 ndani ya kipindi hiki cha bunge, na Desemba 2024 ikarudisha malengo ya lazima kwa kila halmashauri. Halmashauri isiyoweza kuonyesha ardhi ya kutosha kwa miaka 5 hubanwa ikubali, na ikikataa bila sababu nzito, mkaguzi wa rufaa huweza kupindua uamuzi na kuitoza gharama.

Kwa hiyo nguvu nyingine zielekezeni kwenye mkataba wa Kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji, ambao mjenzi hufunga na halmashauri, unaobeba nyumba za bei nafuu na michango ya shule na barabara. Mjenzi huweza kurudi baadaye akisema mradi haulipi, apunguziwe nyumba hizo. Dai kwamba hesabu zake ziwekwe hadharani, na mkataba uwe na kipengele cha kuzipitia upya nyumba zikianza kuuzwa.