Sakafu ya Coaster ikioza, anza kukagua paa

Vijana mnaoanza gereji hapa Dar, kazi hii mtakutana nayo tu. Mtu ananunua Coaster kuukuu, anaigeuza gari la kulala: kitanda nyuma, jiko ubavuni, siti chache mbele. Anakuletea sakafu imelainika, anataka plaiwudi mpya leo leo. Usikimbilie msumeno.

Maji ya sakafuni mara nyingi yanatoka juu: raba za madirisha zilizokauka, maungio ya paa, au tundu lililotobolewa kupitisha bomba la jiko. Msaidizi amwagie gari maji kwa mpira, dirisha moja moja, wewe ukae ndani na tochi. Ukiliruka hili, masika ijayo gari linarudi na anayedaiwa ni wewe.

Kabla ya kung'oa, piga picha, pima siti zilipo ukianzia nguzo ya mlango. Mbao za zamani zitoe zikiwa nzima kadiri utakavyoweza, maana ndizo utakazokatia mpya. Ingia uvunguni pia uone mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya zinapita wapi.

Halafu chuma. Upepo wa chumvi wa pwani hauna huruma, na rangi nzuri inaficha mengi. Chokonoa kila mwamba, yaani boriti ya chuma inayobeba sakafu, kwa bisibisi; ikizama, kata mpaka ufikie chuma kizima. Kubandika bati juu ya kutu ni kumdanganya mteja. Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na usogeze kila kinachoshika moto. Bati likiwa na zinki, lisugue kwanza: moshi wake unaleta homa.

Plaiwudi iwe ile ya gundi isiyoachia kwa maji. Wengi wanapaka rangi juu na chini, wanasahau kingo na matundu ya bolti, na humo ndimo mbao inamokunywa maji. Paka hapo mara mbili, acha ikauke kweli.

Siti ndiyo sehemu nisiyokubali mzaha. Gari likigonga, siti yenye mkanda inabeba uzito wote wa abiria, na skrubu za mbao zitang'oka zote. Bolti ipite sakafu nzima, chini iwekewe pleti nene ya chuma, pana, au ishike mwamba wenyewe. Washa ndogo, kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati, ikiwa peke yake inapenya bati laini. Tazama kichwa cha bolti: kiandikwe 8.8 au zaidi, ndiyo alama ya uimara wa bolti. Isiyo na alama iache dukani, hata muuzaji akiapa.

Ndani ya tundu la plaiwudi weka kipande cha bomba chenye urefu sawa na unene wa mbao. Nati itakaza chuma kwa chuma. Bila hicho, mbao inabonyea kidogo kidogo na siti inaanza kucheza. Nati ziwe za chuma zenye pete ya naironi ndani, zisizolegea kirahisi, na mteja akirudi kutoka safari ya kwanza, hata kama ni Bagamoyo tu, ingia tena uvunguni na spana uzipitie zote.